Picha ya Dirishani

Picha yangu ilishushwa ukutani siku ya kwanza ya maonyesho, saa kumi na dakika chache, na aliyeishusha ni yule yule niliyekuwa nimemvalia gauni jipya.

Nilikuwa nimesimama kando ya meza ya sambusa, katika ukumbi wa jumuiya pale Makadara, nikijifanya sisikii watu wanavyoisifu. Tulikuwa wanafunzi saba tuliotundika kazi zetu siku hiyo, picha za watu na mitaa yao, na kusema kweli bila majivuno, yangu ndiyo iliyokuwa inakusanya watu. Oloo, mwanafunzi mwenzangu anayefanya kazi relini, alikuwa ameshanipa mkono mara mbili. Ndipo Idarus akaingia. Idarus ndiye mwalimu wetu, na kwangu mimi alikuwa zaidi ya mwalimu. Nilikuwa nimemficha picha ile wiki tatu nzima ili nimshangaze, na nilitaka niione sura yake atakapoiona.

Niliiona. Naomba nisiione tena.

Hakunitazama. Alipita katikati ya watu, akainua mikono, akaitoa picha kwenye msumari, akaigeuza ikamwelekea kifuani, akatoka nayo. Mzee mmoja mwenye kanzu na bakora, aliyekuwa amesimama mbele ya picha hiyo muda mrefu bila kusema neno, akamfuata. Mimi nikabaki na sambusa yangu mkononi, nisijue niile au niirudishe.

Nilimkuta Idarus uani, nyuma ya matangi ya maji. Yule mzee alikuwa ameshaondoka.

"Idarus, kuna nini?"

"Wajua umefanya nini?"

"Nimetundika picha."

"Nanjala, usinifanyie maskhara leo. Umempiga nani hapa?"

"Mwanamke. Alikuwa dirishani. Simjui."

"Humjui." Alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. "Huyu ni mamangu."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akaendelea, sauti chini, maana watu wa pwani hata wakikasirika hukasirika kwa heshima, na hilo ndilo linalouma zaidi.

"Mamangu yumo edani. Babangu amekufa, na mpaka itimie miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, haonwi na mwanamume asiyekuwa wa damu yake. Mimi mwanawe wa kumzaa, nikitaka kuingia chumbani kwake nabisha hodi. Nawe umemtundika na nywele zake wazi, Makadara nzima impite imtazame! Ami yangu Zakariya, yule wa bakora, ndiye aliyemuona kwanza. Alinipigia simu, hata salamu hakunipa. Aliniambia maneno matatu tu. Njoo umfunike mamako."

Nilitaka kulia, nikashindwa. Nilimwambia kwetu Bungoma mfiwa hukaa nje mbele ya nyumba, na watu wote huja kumwona. Nilimwambia sikujua. Kila nilichosema kilikuwa kweli na hakikusaidia kitu.

Halafu likanijia jambo, na hasira ikaja nalo.

"Idarus. Hiyo nyumba ndiyo kwenu?"

"Ndiyo."

"Ile yenye mlango wa kijani, ukitoka Ndia Kuu, kabla ya kona?"

"Ndiyo, Nanjala, ndiyo!"

"Tumepita hapo kila Jumamosi. Miezi minane. Ulinionyesha nyumba ya fundi saa. Ulinionyesha bomba ulilojikwaa ukang'oka jino. Ulinionyesha mpaka dirisha la mwalimu wako wa chuoni. Kwenu hukunionyesha. Ningejua ni kwenu, unadhani ningeinua kamera?"

Aliikaza picha kifuani.

"Usinigeuzie mimi," alisema. Akaondoka na picha yangu chini ya kwapa, na mimi nikarudi ukumbini kuchukua mkoba wangu, nikitabasamu kwa yeyote aliyenitazama.

Mtu asiyenijua atasema, picha ni picha tu, msichana mzima wa nini kujiliza. Basi ngoja niseme.

Nilikaa Mombasa miaka mitano bila mtu. Nina kazi, nashukuru, ya kuandaa hati za mizigo katika ofisi moja ya karibu na bandari. Nina chumba Bondeni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Jumapili kanisani, Jumatatu kazini. Lakini kulikuwa na siku nilizotoka ofisini Ijumaa jioni na neno lililofuata kutoka kinywani mwangu likawa ni la wimbo wa Jumapili asubuhi. Upweke wa namna hiyo hauna kelele. Unauzoea, unapika chakula cha mtu mmoja, unaosha sahani moja.

Nilimjua Idarus nilipokwenda studio yake kupiga picha ya pasipoti.

"Mbona hutabasamu?" aliniuliza.

"Picha ya pasipoti haitaki tabasamu."

"Kweli. Lakini nimeshazima taa, nimeshaweka kamera chini, na bado hutabasamu."

Hapo nikatabasamu, na akasema ametangulia kuweka kamera chini, hasara yake. Juma lililofuata nilijiunga na darasa lake la Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza alitunyang'anya kamera. Alituweka kwenye ngazi za duka lililofungwa, akasema tutazame saa nzima, tusipige kitu. Ya pili alitufundisha kusalimu. "Mtu kwanza, kamera baadaye," alikuwa akisema. "Salimu, uliza hali, kaa. Ukishakunywa kahawa yake hatakuogopa." Ya tatu ikawa ya kuta. "Tafuta ukuta wenye mwanga mzuri, tulia hapo. Usimkimbize mtu. Mtu atakuja mwenyewe na mambo yake, nawe umpige yeye pamoja na pahali pake. Uso bila pahali ni picha ya pasipoti."

Mimi niliyekuwa simjui hata jirani wa mlango wa pili, ndani ya miezi miwili muuza kahawa wa Kibokoni alikuwa akiniuliza jana nilikuwa wapi. Mama wa viazi karai aliniwekea vya mwisho. Nilianza kuringa njiani. Na kila jambo hilo jema lilikuwa na Idarus ndani yake, amesimama hatua moja nyuma yangu, akinong'ona, "Ngoja. Ngoja kidogo. Haya, sasa." Tulipendana hivyo, kwa kungojeana. Kabla ya maonyesho alikuwa amenigusa mara moja tu, alipokuwa akinirekebisha kiwiko, na kiwiko hicho nilikifikiria wiki nzima.

Babake alipofariki alipotea Jumamosi mbili. Aliporudi amekonda nilimwambia nataka kwenda kwao nikawape pole. "Si sasa," alisema. Nikaona ni majonzi, nikamwacha.

Picha yenyewe niliipiga wiki kadhaa baada ya hapo. Idarus alikuwa ametangulia mbele, amepita kona. Niliinua macho, nikamwona mwanamke wa makamo amesimama kwenye dirisha la juu, nguo nyeupe, nywele za mvi zimeachwa, mkono mmoja umeshika ubao wa dirisha. Alikuwa akitazama njia kwa namna ambayo mimi huitazama nikiwa chumbani kwangu Bondeni. Nilimjua papo hapo, ingawa simjui. Nikainua kamera. Akaniona, hakujificha. Nikahesabu hiyo ndiyo ruhusa.

Baada ya maonyesho zilipita siku kumi bila simu. Niliandika ujumbe mrefu wa kuomba radhi, nikapata jibu la neno moja, "Nimesoma." Jumamosi nilitoka peke yangu na kamera. Nilipiga viti vitupu, viatu mlangoni, kuta. Mwanga ulikuwa mzuri na watu walipita, lakini kila mtu alipoingia kwenye picha mkono wangu ulikufa ganzi. Muuza kahawa aliniuliza, "Mwalimu wako yu wapi?" Nikamwambia ana kazi. Nilikunywa kahawa yake chungu nikaenda zangu.

Siku ya kumi na moja, saa saba mchana, msichana mwenye buibui alinisubiri nje ya ofisi. Alikuwa na macho ya Idarus, hivyo nilimtambua kabla hajasema.

"Wewe ndiwe Nanjala? Mimi Duha, ndugu yake Idarus. Mamangu akwita."

"Mimi?"

"Wewe. Na kamera yako."

"Idarus anajua?"

"Idarus hajaulizwa," alisema Duha, akapungia tuktuk mkono.

Tulifika saa nane, watu wamelala mchana, njia tupu. Duha alinipitisha kwenye mlango wa kijani, tukapanda ngazi nyembamba za mbao. Chumbani hakukuwa na udi wala asmini. Kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa shuka. Bi Nana, mama yao, alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunga nguo nyeupe, mdogo kuliko alivyo kwenye picha yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo uketi hapa, karibu nami. Hujambo?"

"Sijambo. Poleni na msiba."

"Tushapoa." Alinitazama muda. "Basi wewe ndiwe uliyenitundika ukutani."

Machozi yaliyonikataa siku ya maonyesho yakaja yote. "Nisamehe, mama. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Futa uso. Nimeambiwa hukujua. Kwenu mume akifa, mke hufanya nini?"

"Hukaa nje, mama. Watu wote huja. Na mpiga picha huitwa, humpiga akiwa kando ya jeneza, kisha picha huwekwa kwenye albamu."

"Subhanallah! Na kilio chote kile?"

"Na kilio chote."

"Na wageni huonyeshwa hiyo albamu?"

"Huonyeshwa, mama. Pamoja na soda."

Bi Nana alijizuia, akashindwa, akacheka huku amejifunika mdomo. Duha naye akacheka, nami katikati ya kamasi zangu. Kisha akaacha ghafla, akanyosha mkono. "Nionyesha."

Niliitafuta picha kwenye kamera, nikamshikia. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Mato yangu yamekuwa hivi?" aliuliza polepole, kidole kikigusa macho ya kwenye picha. "Duha, hebu katazame chungu."

Duha alituangalia wote wawili, akatoka.

"Nataka nikwambie neno, na likae papa hapa," alisema Bi Nana. "Siku ile nalikuona. Nalikuona wainua hiki kidude chako. Nalikuwa na wasaa wa kufunga dirisha. Sikufunga."

"Kwa nini, mama?"

"Siku thamanini kila apandaye ngazi hii huja kunililia. Hunikamata mkono, hulia, hunyamaza, huenda zake. Waja kwa wema, siwalaumu. Lakini hapana hata mmoja aliyenitazama. Wewe hukuwa na habari ya msiba wangu. Ulinitazama tu. Nikasema moyoni, huyu ameniona mimi. Basi nikasimama." Alivuta pumzi. "Sikujua utanipeleka Makadara, hilo kweli. Lakini mwanangu aamini umenivizia. Sikumwambia. Ameshatahayari kwa ami yake, akisikia mamake mwenyewe alisimama, itakuwaje? Nawe usimwambie."

"Sitamwambia, mama."

"Ile ya karatasi iko ndani ya kasha langu. Hii ya humu ifute."

Ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga, na huenda nisipige nyingine kama hiyo. Kamera iliniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nikaifuta, nikamwonyesha mahali ilipokuwa, pakabaki picha ya kuku wa Bondeni.

"Ahsante." Alinishika mkono, akaushika kweli. "Wampenda mwanangu?"

"Nampenda, mama."

"Najua. Huwaona kila Jumamosi. Mkifika hapa tini ya dirisha hili yeye hukaza mwendo, akaenda mbele peke yake, nawe wabaki nyuma. Akishapita kona ndipo hukungoja. Nalikuwa nikijiuliza, hawa wagombana kila wiki, na wagombana hapa hapa kwangu?"

Miezi minane. "Nilidhani anatafuta mwanga," nilisema.

Bi Nana hakucheka. Alinipapasa kiganja.

"Sikwambii mambo ni mepesi, mwanangu. Wewe Mkristo, mtu wa bara. Watu wetu hutaka kumjua mtu mpaka babu wa babu yake. Zakariya atasema, na mashangazi watasema zaidi. Mimi mwenyewe, sikufichi, sikuota mkamwana kama wewe. Lakini siwezi kumkubali wala kumkataa mtu ambaye sijaletewa. Leo nimekwita mimi. Siye yeye."

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaniruhusu. Aliniomba niombe kwa namna yangu, marehemu apumzike. Niliahidi, na Jumapili hiyo nilifanya hivyo.

Muda niliokaa kuvaa viatu na kuagana na Duha, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka msikitini. Nilisikia sauti zao kwenye baraza la nje, vikombe vinagongana, na juu ya zote sauti nzito ya mzee mmoja. Nilishuka ngazi. Idarus alikuwa amesimama chini, kwenye giza la ukumbi, kofia mkononi.

"Nanjala."

Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Mama amekusamehe?"

"Amenisamehe."

"Alhamdulillahi." Alisogea. Amekonda tena. "Mimi nalikasirika mno. Nilikuonea. Ile siku nimerudi nyumbani nikaona kila ulilosema ni kweli, nikaona haya hata kukupigia simu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Idarus."

"Siku hizi sina raha. Nikitoka na kamera sioni kitu."

"Hata mimi."

Alinishika mkono. Kwa miezi minane nilikuwa nimeungoja mkono huo, na ulikuwa kama nilivyoutarajia, mkavu, wenye joto. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba mamake alisimama kwa hiari yake, nikajisafisha kwa sentensi moja. Sikusema. Nilitosheka kwamba amenishika.

"Jumamosi twende?" aliuliza. "Mimi na wewe. Bila darasa."

"Twende."

Akatabasamu. Kisha ile sauti nzito ikapanda huko nje, na Idarus akageuka kutazama mlango wa kijani, akanitazama mimi.

"Basi pitia mlango wa uani," alisema kwa upole. "Barazani kuna watu."

Alilisema kama mtu anayekuonya kwamba ngazi ina unyevu. Hakujua hata kwamba amesema kitu.

"Idarus, nitoe."

"Nakutoa. Huku uani ni..."

"Hapa. Mlango huu. Hatua tatu mpaka njiani, kama mgeni wa mamako anavyotolewa."

"Ami Zakariya yupo."

"Namsikia."

"Baada ya ile picha? Nanjala, fikiri. Si leo."

"Lini?"

Namshukuru kwamba hakunidanganya kwa kunitajia siku. Alisimama ameshika mkono wangu, na huzuni yote iko machoni pake, na nikajua kwamba ananipenda, na kwamba atanipenda hivi hivi mpaka tuzeeke, akinisubiri baada ya kona.

Nikautoa mkono wangu. Nikafungua mlango wa kijani mwenyewe.

Mwanga uliniumiza macho. Barazani walikuwa wanne. Mzee wa bakora alikuwa wa kwanza kulia kwangu, kikombe karibu na mdomo. Nilikuwa nimefundishwa vizuri. Mtu kwanza.

"Shikamooni, wazee wangu."

Walitazamana. Mwishowe ni yeye Zakariya aliyeitikia.

"Marahaba. Watoka wapi, mwanangu?"

"Natoka kwa Bi Nana. Aliniita."

Akatikisa kichwa taratibu, akateremsha kikombe. "Haya. Nenda salama."

Nilishuka njiani. Sikuondoka papo hapo. Nilisimama nikijifanya natengeneza mkanda wa kamera, nimewapa mgongo, nikihesabu, nikimngoja Idarus atoke. Nilihesabu mpaka ishirini. Ndipo nikasikia komeo la mlango likifungwa kwa ndani, polepole sana, na mtu aliyekuwa akijitahidi nisilisikie.